Hellisheiði: chuo kikuu, mtambo wa umeme na hewa ukaa iliyogeuzwa jiwe

Mikataba ya ushirikiano kati ya vyuo vikuu na viwanda haijawahi kuadimika. Husainiwa, picha hupigwa, watu hupeana mikono. Ukirudi baada ya miaka michache kuuliza ni tani ngapi za hewa ukaa zimepungua katika eneo lililotajwa kwenye mkataba, unaoneshwa ripoti na ratiba ya kongamano lijalo. Kisa cha Hellisheiði, kusini-magharibi mwa Iceland, kinafaa kuchambuliwa kwa sababu pale tani zenyewe zipo. Tangu kazi ianze, zaidi ya tani 100,000 za hewa ukaa zimeingizwa ardhini, na sehemu kubwa yake sasa ni mawe.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ushindi wa sayansi. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Sayansi ilikuwa nzuri, tena nzuri sana, lakini ilipata bomba, kisima na bajeti kwa sababu kampuni ya umeme ilikuwa na tatizo lake yenyewe, lenye tarehe ya mwisho, na tatizo hilo halikuwa hewa ukaa. Anayetaka kuiga Hellisheiði bila kuliona hilo ataiga maabara na kukosa matokeo.

Mtambo na gesi zake

Mtambo wa jotoardhi wa Hellisheiði umejengwa kwenye eneo la volkano ya Hengill, kilomita kama 25 kutoka Reykjavik. Ulianza kuzalisha umeme mwaka 2006, ukapanuliwa hadi kufikia megawati 303, mbali na maji ya moto yanayopashia joto nyumba za mji mkuu. Mwenye mtambo ni Orkuveita Reykjavíkur, kampuni ya umma inayomilikiwa na manispaa, Jiji la Reykjavik likiwa na hisa nyingi kupita wengine.

Wengi hudhani umeme wa jotoardhi hautoi hewa ukaa hata chembe. Hutoa, ingawa kidogo mno ukiulinganisha na wa makaa ya mawe. Mvuke unaochimbwa hupanda na gesi za magma. Gesi hizo hazifiki hata asilimia moja ya mvuke wote, na iliyo nyingi kati yake ni kaboni dioksaidi, yaani hewa ukaa, ikifuatiwa na salfaidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Kabla ya mradi huu, Hellisheiði ilikuwa ikitoa takriban tani 40,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na tani kama 12,000 za salfaidi ya haidrojeni. Namba hizi mbili msomaji azishike, kwa sababu ile ndogo ndiyo iliyokuja kuamua mambo.

Waliokaa mezani

Mwaka 2007 pande nne zilikubaliana rasmi kuanzisha mradi walioupa jina la CarbFix: Orkuveita Reykjavíkur, Chuo Kikuu cha Iceland, Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, na kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa, CNRS, kupitia maabara yake ya Toulouse. Rais wa Iceland wa wakati huo, Ólafur Ragnar Grímsson, aliuunga mkono waziwazi.

Kila upande ulileta kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Sigurður Reynir Gíslason wa Chuo Kikuu cha Iceland na Eric Oelkers wa Toulouse walikuwa wametumia miaka wakichunguza jinsi basalti, mwamba mweusi wa volkano, inavyoyeyuka ndani ya maji: kwa kasi gani, kwa joto gani, maji yakiwa na asidi kiasi gani. Ni utafiti ambao ungeweza kubaki kwenye majarida ya jiokemia bila mtu wa nje kuusikia. Columbia ilimleta Wallace Broecker, mwanasayansi ambaye tangu 1975 alikuwa amewaonya watu kuhusu ongezeko la joto duniani, pamoja na wataalamu wa kufuatilia mwendo wa maji na gesi ardhini, akiwemo Juerg Matter. Kampuni ilileta visima, mabomba, mafundi na gesi yenyewe.

Mchango huu wa mwisho haupewi uzito unaostahili. Katika ushirikiano mwingi, kiwanda hutoa fedha kidogo na barua ya kuunga mkono, kisha hubaki nje kikisubiri matokeo. Orkuveita ilifungua lango. Watafiti waliweza kuchukua sampuli kwenye visima vya kampuni, kuzungumza na fundi anayejua valvu ipi hukwama wakati wa baridi, na kuambiwa mapema kwamba wazo fulani halitawezekana kwa presha iliyopo. Na wahandisi wa kampuni waliandika makala za kitaalamu pamoja nao, majina yao yakiwa kwenye orodha moja.

Wazo lenyewe

Njia iliyozoeleka ya kuhifadhi hewa ukaa ardhini ni kuibana hadi iwe nzito, kuisukuma chini sana, na kutegemea tabaka la mwamba usiopitisha kitu lililo juu yake liizuie isipande. Hewa ukaa ya namna hiyo hubaki nyepesi kuliko maji yaliyoizunguka, kwa hiyo hutafuta njia ya kupanda kwa karne nyingi. Inabidi ilindwe.

CarbFix walianzia kwingine. Hewa ukaa huyeyushwa ndani ya maji wakati wa kuingizwa, kama gesi ilivyo ndani ya soda kabla chupa haijafunguliwa. Katika jaribio la mwanzo gesi iliachiwa ndani ya maji kisimani, kwenye kina cha mita 350 hivi, ambako presha inatosha kuimeza yote. Ikishayeyuka hakuna tena kiputo cha kupanda. Maji hayo huwa mazito kidogo kuliko maji ya ardhini yaliyoyazunguka, kwa hiyo huelekea chini. Tena yana asidi, na asidi hiyo hula basalti na kuachia kalsiamu, magnesi na chuma. Madini hayo yakikutana na kaboni iliyomo majini hutengeneza kalsaiti na jamii zake, madini meupe yanayojaza vitundu vya mwamba. Asidi inayoyeyusha mwamba ndiyo hiyo hiyo inayotumika na kwisha, na inapokwisha mwamba mpya huanza kujijenga. Naiona kemia hii ni nzuri hata kwa asiyejali masuala ya tabianchi.

Ina bei yake. Kila tani moja ya hewa ukaa huhitaji takriban tani 25 za maji. Hellisheiði maji si tatizo kubwa, kwa sababu mtambo wenyewe una maji mengi yanayopaswa kurudishwa ardhini hata hivyo. Kwingine hesabu hiyo hubadilika, na nitaigusa tena chini.

Miaka mitano kabla ya tani ya kwanza

Kutoka makubaliano ya 2007 hadi gesi kuingizwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 ni miaka mitano. Ruzuku nyingi za utafiti hazina uhai huo. Na haikuwa miaka ya kawaida. Oktoba 2008 benki kubwa tatu za Iceland zilianguka ndani ya siku chache, thamani ya krona, sarafu ya nchi hiyo, ikaporomoka, na Orkuveita, iliyokuwa imekopa kwa fedha za kigeni ili kujenga mitambo kama huu, maji yakaifika shingoni. Kampuni ilipunguza wafanyakazi, ikapandisha bei, na mwaka 2011 ikalazimika kuingia katika mpango mkali wa kujiokoa. Wakati huo huo kituo cha majaribio cha kutenganisha gesi na mvuke kilisumbua, na uingizaji ukaahirishwa.

Mradi wa utafiti ni kitu chepesi kukatwa katika hali hiyo. Haukukatwa, na nadhani sababu ni mbili. Kwanza, fedha hazikutoka mfuko mmoja. Kampuni ilibeba sehemu kubwa, lakini Umoja wa Ulaya, Wizara ya Nishati ya Marekani na mifuko ya nchi za Nordiki nazo zilichangia kwa nyakati tofauti, kwa hiyo hakuna mlango mmoja uliofungwa na kuzima kila kitu. Pili, kulikuwa na wanafunzi wa uzamivu. Mwanafunzi wa uzamivu hawezi kuondoka kirahisi, kwani shahada yake iko ndani ya kisima kile. Wakati wakurugenzi wanahangaika na wadai, vijana hawa walikuwa wanapima maji ya ardhini, wanajenga modeli za kompyuta, wanarekodi hali ilivyokuwa kabla ya gesi kuingia.

Vipimo hivyo vya kabla ndivyo vilivyokuja kuipa kazi nguvu. Bila kujua maji yalikuwaje mwanzo, huwezi kusema kitu cha uhakika kuhusu yalivyobadilika.

Ushahidi, na pampu iliyoziba

Kati ya Januari na Machi 2012 waliingiza tani 175 za hewa ukaa safi. Kati ya Juni na Agosti mwaka huo wakaingiza tani 73 za gesi ya mtambo wenyewe, mchanganyiko wa hewa ukaa asilimia 75 hivi na salfaidi ya haidrojeni. Kisima cha kuingizia kiliitwa HN02, na mwamba uliolengwa uko kati ya mita 400 na 800 chini, wenye joto la nyuzi 20 hadi 33 tu. Mbele yake, mita 70 hivi ukipimia chini kule kwenye mwamba, kulikuwa na kisima cha uangalizi, HN04, chenye pampu ya kuzama inayovuta maji juu ili yapimwe.

Utajuaje kwamba kaboni imekuwa jiwe na haijapotea tu njiani? Hapa ndipo wataalamu wa Columbia walipolipa nauli yao. Ndani ya gesi waliweka alama mbili. Ya kwanza ni kaboni-14 kwa kiasi kidogo sana, ili kaboni iliyoingizwa itofautishwe na kaboni iliyokuwemo ardhini tangu zamani. Ya pili ni heksafloridi ya salfa, gesi ambayo haishirikiani na mwamba kabisa, inasafiri tu na maji. Maji yakifika HN04 yakiwa na gesi hiyo tulivu, yanathibitisha kwamba ndiyo yale yaliyoingizwa. Ukijua ni sehemu gani ya maji imefika, unajua kaboni-14 ilipaswa kuwa kiasi gani. Maji yalifika na alama ya gesi tulivu ikaonekana. Kaboni iliyotarajiwa haikuwepo ila kidogo sana.

Kisha pampu ya HN04 ikasimama. Ilikuwa imepita siku kama 550 tangu uingizaji uanze, na vipimo vikakatika kwa miezi mitatu. Walipoitoa waliikuta imezibwa na kalsaiti. Wakaikwangua, wakaipima, na kaboni iliyokuwemo ndani ya ile kalsaiti ikawa na alama ya kaboni-14, ile ile waliyoiweka wao. Modeli zilikuwa zimesema, hesabu za alama zilikuwa zimesema, na sasa kulikuwa na jiwe lenyewe mkononi, limeganda juu ya chuma. Ukiwa mhandisi wa mtambo, pampu iliyoziba ni kero na gharama. Kwa sababu wahandisi na wanajiokemia walikuwa timu moja, utando ule haukutupwa wakati wa usafi. Ulipelekwa maabara. Sijui mfano bora kuliko huu wa kwa nini watu hawa wanapaswa kufanya kazi mahali pamoja.

Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwezi Juni 2016: zaidi ya asilimia 95 ya hewa ukaa iliyoingizwa ilikuwa imegeuka madini ndani ya muda usiozidi miaka miwili. Wakati huo dhana ya wengi ilikuwa kwamba mabadiliko hayo huchukua mamia au maelfu ya miaka.

Hayakuwa yote laini. Chini kule kuna bakteria, na uingizaji uliwachochea wakaongezeka ghafla, jambo lililochapishwa mwaka 2017 na watafiti waliochunguza maji ya visima hivyo. Viumbe hao nao hula kemikali zile zile na wanaweza kuziba njia za maji. Hakuna mwekezaji anayeweka kifungu cha bakteria kwenye mkataba. Iligundulika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyepewa nafasi ya kuchunguza kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango.

Harufu iliyolipa bili

Sasa turudi kwenye zile tani 12,000.

Salfaidi ya haidrojeni haimsumbui mtu wa mbali kwa miaka mia ijayo. Inamsumbua jirani leo. Upepo ukielekea magharibi, harufu hufika mjini. Ni gesi yenye sumu ikizidi, na hula metali za vifaa vya umeme. Mwaka 2010 serikali ya Iceland ilitoa kanuni iliyoweka kikomo cha maikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa saa 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 150, kwa hiyo kikomo cha Iceland kilikuwa kikali mara tatu. Na kanuni ilikuwa na ratiba: kuanzia Julai 2014 ilibana zaidi, ikiondoa nafasi ya kukiuka kikomo hicho siku chache kwa mwaka.

Hewa ukaa ya mtambo haikuwa na kamba kama hiyo. Soko la Ulaya la vibali vya hewa ukaa linabana viwanda vinavyochoma mafuta na baadhi ya viwanda vizito; gesi inayotoka na mvuke wa ardhini haimo. Kampuni ingeweza kuendelea kuiachia angani bila kulipa chochote.

Tazama basi tarehe. Mtambo wa kukamata gesi kwa kiwango cha kiwanda ulianza kazi Hellisheiði mwezi Juni 2014. Ni mnara wa kusafishia ambamo gesi hukutanishwa na maji kwa presha ya takriban mara sita ya hewa ya kawaida. Hewa ukaa na salfaidi ya haidrojeni huyeyuka. Haidrojeni, naitrojeni na nyinginezo hupita zikaenda zao. Maji hayo hushushwa eneo la Húsmúli, kwenye mwamba wa kina zaidi wenye joto la zaidi ya nyuzi 200, ambako hewa ukaa hugeuka kalsaiti na salfaidi hugeuka pairaiti, madini ya chuma na salfa.

Uwezo wa mnara uliongezwa maradufu mwaka 2016, na baada ya hapo ulikuwa unakamata takriban robo tatu ya salfaidi ya haidrojeni na theluthi moja tu ya hewa ukaa. Tofauti hiyo inatokana na kemia: salfaidi huyeyuka kwa wepesi zaidi, kwa hiyo kiasi cha maji na presha kinachotosha kuikamata hakitoshi kuikamata hewa ukaa yote. Mnara ulipimwa kwa ajili ya salfaidi. Hewa ukaa ilikuwa faida ya pembeni.

Sisemi hivi kuwapunguzia heshima. Nasema kwa sababu hapa ndipo pa kujifunzia. Utafiti wa chuo kikuu ulikuwa tayari umeonesha kwamba gesi zote mbili zinaweza kushushwa pamoja, bila kuzitenganisha, kwa bomba moja. Kampuni ilipobanwa na kanuni ya hewa safi, jibu lilikuwa mezani, na lilikuwa rahisi kuliko kujenga kiwanda cha kugeuza salfaidi kuwa salfa ambayo mnunuzi wake hajulikani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 iliweka gharama ya kukamata na kuhifadhi mchanganyiko huo chini kidogo ya dola 25 za Marekani kwa tani. Chuo kikuu peke yake kingetoa makala. Kanuni peke yake ingeleta kiwanda cha salfa au faini. Vilikutana kwa wakati, na vilikutana kwa sababu watafiti walianza miaka saba kabla ya tarehe hiyo.

Wanafunzi waliobaki

Edda Sif Pind Aradóttir alifanya uzamivu wake Chuo Kikuu cha Iceland kwa kujenga modeli ya jinsi maji yenye kaboni yangesafiri na kubadilika ndani ya basalti ya Hellisheiði, huku akifanya kazi na kampuni. Baadaye akawa ndiye anayeuongoza mradi, na Carbfix ilipofanywa kampuni tanzu inayojitegemea chini ya Orkuveita, kuanzia 2020, akawa mkurugenzi mtendaji wake. Sandra Ósk Snæbjörnsdóttir naye alitoka kwenye uzamivu wa mradi huo akaingia kwenye kampuni.

Watu huzungumzia uhamishaji wa teknolojia kana kwamba ni mafaili yanayotoka ofisi moja kwenda nyingine. Hapa teknolojia ilihama kwa miguu ya watu. Mtu aliyejenga modeli ndiye aliyekuja kuamua kisima kichimbwe wapi, na alijua modeli ile ina udhaifu gani kwa sababu aliuandika mwenyewe kwenye tasnifu. Ndiyo sehemu ya kisa hiki ningependa iigwe kabla ya nyingine zote, na ndiyo ya bei ndogo zaidi: kampuni ishiriki kulipa nafasi za uzamivu, mwanafunzi awe na meza pande zote mbili, na kazi imsubiri.

Kisa kinapogonga ukuta

Upo upande ambao wapenzi wa mradi huu huupitia haraka.

Mwezi Septemba na Oktoba 2011, kabla hata gesi haijaanza kuingizwa, Orkuveita ilianza kurudisha maji ya mtambo ardhini kule Húsmúli. Ardhi ikatetemeka mara nyingi. Tarehe 15 Oktoba yalitokea matetemeko mawili yenye ukubwa wa karibu 4, na wakazi wa Hveragerði, mji ulio jirani, waliyahisi wazi. Maji yale yalikuwa yakirudishwa kwa taratibu za kawaida za jotoardhi, wala hayakuwa ya CarbFix, lakini mwananchi anayetikiswa kitandani hatofautishi mabomba. Kampuni ikalazimika kujifunza kubadili kiwango cha maji polepole na kuwaarifu watu mapema.

Funzo hilo halikutosha Hafnarfjörður, mji ulio kusini mwa Reykjavik. Mwaka 2022 Carbfix ilichaguliwa kupata zaidi ya euro milioni 100 kutoka Mfuko wa Ubunifu wa Umoja wa Ulaya kwa ajili ya Coda Terminal, bandari ya kupokea hewa ukaa iliyosafirishwa kwa meli kutoka viwanda vya Ulaya kaskazini na kuishusha kwenye basalti ya Straumsvík, pembeni mwa mji huo. Lengo lilikuwa tani milioni 3 kwa mwaka. Zidisha kwa 25: ni tani milioni 75 za maji kila mwaka, karibu na makazi ya watu. Wakazi waliuliza kuhusu maji yao, matetemeko, thamani ya nyumba, na kwa nini uchafu wa nchi nyingine uje kwao. Maelfu walitia saini kupinga, na mwaka 2025 Carbfix ikaachana na mpango wa mahali hapo.

Nimesoma maoni ya wanaowalaumu wakazi kwa kutojua sayansi. Sikubaliani nayo. Hellisheiði mradi ulipunguza harufu iliyokuwa ikiwafikia wakazi wenyewe, kutoka kwenye mtambo ambao manispaa zao zinaumiliki. Hafnarfjörður waliombwa kubeba mzigo wa wengine kwa kuahidiwa kwamba wanasayansi wameshathibitisha. Uthibitisho wa tani 248 kwenye mwamba mmoja, hata ule wa tani elfu kadhaa kwa mwaka, haujibu kila swali la tani milioni 3 mahali pengine. Wakazi walikuwa na haki ya kuuliza, na walipaswa kuwa mezani tangu siku ambayo Chuo Kikuu kilikuwa mezani.

Suala la maji linashughulikiwa. Tangu 2022 huko Helguvík, Carbfix kwa kushirikiana na watafiti wa ETH, chuo kikuu cha teknolojia cha Zürich, imejaribu kutumia maji ya bahari badala ya maji baridi, kwa hewa ukaa iliyoletwa kutoka Uswisi. Hellisheiði kwenyewe, mradi uitwao Silverstone umelenga kukamata asilimia 95 ya hewa ukaa ya mtambo, yaani kuimaliza ile theluthi mbili iliyokuwa ikiachwa. Vilevile kuna mashine za kampuni ya Climeworks, iliyozaliwa ETH mwaka 2009, zinazonyonya hewa ukaa kutoka angani na kuikabidhi Carbfix ishushwe: Orca tangu 2021, Mammoth tangu 2024. Zimekuwa zikikamata chini ya uwezo uliotangazwa, na kwa maoni yangu zimevuta macho ya vyombo vya habari kupita tani zake.

Mahali tani zilipo

Tukirudi kwenye swali la kwanza, la eneo zima, hesabu ni hii. Hellisheiði ilikuwa ikitoa tani 40,000 kwa mwaka. Viwanda vitatu vya kuyeyushia alumini vya Iceland, vya Straumsvík, Grundartangi na Reyðarfjörður, kwa pamoja hutoa zaidi ya tani milioni moja. Umeme wao ni safi, lakini alumini hutengenezwa kwa kutumia vipande vikubwa vya kaboni vinavyoungua ndani ya vyungu, kaboni ikiungana na oksijeni ya malighafi.

Mwezi Juni 2019 serikali, Orkuveita na viwanda vikubwa vya nchi, vikiwemo vya alumini, vilitia saini tamko la kuchunguza kama njia ya CarbFix inaweza kutumika kwao. Tatizo linajulikana. Vyungu vya alumini hufunikwa vifuniko ambavyo chini yake hupitishwa hewa nyingi mno, ili kuwakinga wafanyakazi na floridi na kupooza mitambo. Kwa hiyo moshi unaotoka una hewa ukaa ya karibu asilimia moja tu. Gesi ya Hellisheiði ni nzito, nyingi yake ni hewa ukaa. Ukiipitisha kwenye maji inayeyuka. Ukifanya hivyo kwa moshi wa asilimia moja, unapampu hewa tupu na kumwaga umeme na maji. Wanajiokemia hawana la kufanya hapo, kwa kuwa mwamba uko tayari na maji yapo. Kinachokosekana ni gesi nzito, na gesi nzito hutokana na kubadili vyungu na vifuniko vyake, kupunguza hewa inayopita bila kumdhuru anayefanya kazi pembeni. Ujuzi huo uko kwa wahandisi wa viwanda hivyo na kampuni mama zao.

Tena hakuna maikrogramu 50 zinazowasubiri. Alumini imo katika soko la vibali la Ulaya tangu 2013, lakini vibali vingi imegawiwa bure ili viwanda visihamie nchi zisizo na sheria hizo. Vibali hivyo vya bure ndivyo vinavyopungua polepole, na ratiba ya kupungua kwake ndiyo kitu pekee kinachokaribia kufanana na Julai 2014. Kama ningeombwa kushauri mkataba unaofuata, ningeweka nafasi za uzamivu ndani ya ukumbi wa vyungu wa Straumsvík, chini ya msimamizi mmoja wa chuo kikuu na mmoja wa kiwanda, na ningezianza mwaka huu, kwa sababu pale Hellisheiði ilichukua miaka mitano kufika kwenye tani ya kwanza na saba kufika kwenye mnara.